Mwenzake Alikuwa Mkoba

Saa nne na nusu asubuhi, siku ya Jumatano, simu ya mezani ililia katika nyumba moja ya Kenton, kaskazini-magharibi mwa London. Hakuna aliyeikimbilia. Mashine ikapokea.

"Hapa ni kwa Ramesh na Vasanti," ilisema sauti ya mwanamume, kwa Kiswahili. "Hatupo. Tuachie neno, tutakupigia."

Mwanamume huyo alifariki Februari.

Kisha likatoka neno lile tuliloachana nalo wiki iliyopita, msomaji, kwa sauti ya mwanamke mzee, upepo ukivuma nyuma yake:

"Ramesh, wameniacha."

Watu watatu walikuwa wamesimama sebuleni. Tuwataje upya, maana hata aliyejiunga nasi leo ana haki ya kujua yuko nyumbani kwa nani.

Wa kwanza ni Paresh, mwana pekee wa nyumba hiyo, mkadiriaji wa kampuni ya bima. Kazi yake ni kupima ajali za watu asiowajua.

Wa pili ni Minal, wakala wa kuuza nyumba. Mkononi alishika kidude cha kupimia vyumba, na mwale wake mwekundu ulikuwa umetua ukutani, juu ya picha ya harusi ya Ramesh na Vasanti.

Wa tatu ni Marie-Claire, mzaliwa wa Bukavu, mkazi wa Croydon. Alimuuguza Ramesh mpaka siku ya mwisho. Sasa hakuwa na kazi tena katika nyumba hiyo, lakini alivuka London nzima kwa treni kuja kumwagilia mtulsi, mmea wa ibada wa Mama Vasanti, kwa sababu aliombwa.

Na Vasanti mwenyewe? Alikuwa Italia, kwenye safari ya watalii wa kuongozwa: basi moja, kiongozi mmoja, maziwa na milima ya Alpi. Ni safari aliyoipanga na mumewe. Mume akafa, tiketi zikabaki.

Alikwenda kwa sharti. Paresh alitaka mama yake ahamie kwake na nyumba ya Kenton iuzwe. Vasanti alikataa. Wakapatana jikoni: "Nenda safari hiyo, Mama. Ukirudi bila tatizo lolote, utaishi hapa mpaka mwisho wako, sitafungua mdomo tena. Ukipotea hata mara moja, tunauza." Wakapeana mkono. Vasanti ni binti wa muuza vitambaa wa Moshi. Dukani kwao, mkono ukishatolewa haurudi.

Na sasa sauti yake ilikuwa imesema ameachwa.

Marie-Claire aliruka juu ya meza ndogo, akanyakua mkono wa simu.

"Mama Vasanti! Ni mimi! Usikate!"

Upepo. Kengele ya boti.

"Wewe unafanya nini nyumbani kwangu asubuhi hii?"

"Ninamwagilia. Uliniomba."

"Nilikuomba jioni. Mmea unaunguzwa na maji ya asubuhi."

"Mama, leo jioni treni hazitembee. Acha mmea. Nani alikuacha? Uko wapi?"

"Varenna. Kwenye ziwa la Como. Niko dirishani pa tiketi za boti. Binti wa hapa ameniazima simu yake na ananitazama kama nimemwibia."

"Balikuacha namna gani?" aliuliza Marie-Claire, kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Beko basi nzima, bote bakusahau?"

"Choo," alisema Vasanti.

Alisimulia kama mtu anayesoma risiti. Kundi lilivuka ziwa kwa boti, basi likawasubiri ng'ambo. Akataka choo. Choo cha kulipia, mlango wake unakula sarafu tu. Yeye alikuwa na noti, amezifunga kwenye ncha ya sari kama alivyofundishwa na mama yake. Akaenda kununua ndimu moja apate chenji. Akarudi, akaingia, akatoka. Basi halipo. Mkoba wake uko ndani ya basi, juu ya kiti, na ndani ya mkoba mna simu na pasipoti.

"Kiongozi hakubahesabu?"

"Poonam hahesabu vichwa, binti yangu. Anasimama mbele anasema, mtazame mwenzako, kama hayupo paza sauti. Wote wawili wawili. Mume anamtazama mke, dada anamtazama dada. Mimi mwenzangu ni mkoba."

Marie-Claire akaisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Namba za simu zote ziko kwenye simu," Vasanti aliendelea. "Kichwani ninayo moja tu, ya nyumbani kwangu. Nimepiga nikijua hayupo mtu. Sasa sikiliza vizuri. Paresh asijue."

Marie-Claire akainua macho. Paresh alikuwa amesimama palepale, mikono mifukoni, na uso wa mtu anayesubiri mgeni amalize kuongea lugha yake.

Hapo pana jambo ambalo Kenton nzima ililijua. Paresh hajui Kiswahili. Wazazi wake walizungumza naye Kigujarati mezani, na Kiingereza mbele ya walimu wake. Kiswahili walikiweka kama watu wanavyoweka chumba chenye kufuli. Walikiingia wakitaka mtoto asielewe: bei ya zawadi, ugonjwa, ugomvi. Hata ile sauti ya mashine Ramesh aliirekodi kwa Kiswahili ili wauza madirisha wanaopiga kila siku wakate wenyewe.

Kwa hiyo Marie-Claire alimtabasamia Paresh, akamwambia kwa Kiingereza, "Anaulizia mmea," kisha akarudi kwenye simu bila woga.

"Mwanao iko hapa mbele yangu, Mama. Anasimama na mwanamke mmoja wa kupima."

"Kupima nini?"

"Nyumba. Chumba cha kulala kimekwisha. Sasa ni sebule."

Boti ilipiga honi huko Varenna. Ilipomaliza, sauti ya Vasanti ilikuwa imeshuka.

"Safari haijaisha."

"Haijaisha."

"Alinipa mkono."

"Minajua, Mama."

"Baba yake aliona mbali. Alisema siku ile, pale kitandani: huyu si mwana, huyu ni mgeni mwenye funguo."

"Siku hiyo ilikuwa Jumapili," alisema mtu nyuma ya Marie-Claire. "Nilikuwa namkata kucha."

Kilikuwa Kiswahili. Kilikuwa safi, cha taratibu, chenye lafudhi ileile ya Moshi ya mama yake.

Marie-Claire aligeuka.

Paresh alikuwa ametoa mikono mifukoni.

Kichwani mwa Marie-Claire miaka miwili ilipita kwa kasi ya treni isiyosimama vituo vidogo. Kila alichosema na mgonjwa wake, mbele ya huyu mtu. Kila utani. Kila jina.

"Ndiyo," Paresh alisema, kana kwamba ameulizwa. "Mimi ndiye Friji. 'Baba, funga shuka, Friji ameingia.' Nilisikia."

"Mungu wangu," alisema Marie-Claire.

"Kuna tatizo?" Minal aliuliza kwa Kiingereza, mwale mwekundu ukihamia dirishani.

Paresh alinyoosha mkono, na Marie-Claire akampa simu. Kisha akabonyeza kitufe cha kipaza sauti, kwa sababu hakuwa tayari kuondolewa katika mazungumzo aliyoyaanza yeye.

"Mama."

Huko Italia boti ilipiga honi tena.

"Tangu lini?" Vasanti aliuliza hatimaye.

"Tangu Diwali ya ile baiskeli. Niliijua bei kabla sijaijua rangi."

"Na ukanyamaza."

"Mngehamia lugha nyingine."

Paresh aliihamishia simu mkono wa pili.

"Umepotea, Mama," Paresh alisema, sasa kwa Kiingereza, kwa sauti yake ya kazini. "Tulipatana."

"Sijapotea. Mimi najua niliko. Wao ndio hawajui."

"Hilo si tofauti."

"Wewe unapima ajali za watu, na huoni tofauti? Uliza kiongozi wangu niko wapi. Muulize. Tuone nani kapotea."

Paresh alitoa simu yake ya mkononi, akampigia Poonam, kiongozi wa safari, akaweka sauti juu. Sasa nyumba ilikuwa na simu mbili wazi, moja ya ziwani na moja ya barabarani. Poonam alipokea kwa furaha ya mtu anayelipwa kuwa na furaha.

"Bwana Paresh! Tuko njiani kwenda Tirano. Milima inaonekana vizuri ajabu. Kesho tunapanda treni nyekundu ya theluji."

"Mama yangu yuko salama?"

"Kabisa. Kundi lote limo. Nimethibitisha kwa jozi kabla ya kuondoka Varenna."

"Mwenzake amesema yupo?"

"Ngoja nitazame." Karatasi ilisikika. "Mama Vasanti... mwenzake ni Paresh." Akasita. "Paresh ni wewe."

"Ni mimi."

"Basi... wewe uko kiti gani?"

"Niko Kenton."

Zikasikika hatua kwenye njia ya katikati ya basi. Mtu aliomba radhi. Mtu mwingine aliuliza kama kuna chai. Kisha sauti ya Poonam, sasa bila furaha yoyote:

"Kuna mkoba."

Marie-Claire alimtazama Paresh. Hili hakulijua. Alijua tiketi ya pili ilibaki. Hakujua ilibadilishwa jina, wala hakujua Paresh alipaswa kusafiri na mama yake, akajitoa siku moja kabla, akisema kazi zimembana. Mtu aliyeweka mtihani ndiye aliyekiacha wazi kiti cha shahidi.

"Basi haliwezi kugeuza hapa," alisema Poonam. "Nitatuma teksi. Mwambie asiondoke hapo."

"Mama, umesikia? Kaa hapohapo. Teksi inakuja."

"Nimesikia. Na mimi nimesikia mengine hapa. Treni ya Tirano inapita kituo cha juu ya barabara. Binti wa dirishani amenichorea njia. Pesa ninayo kwenye sari. Nitafika."

"Mama, usipande treni hiyo. Huna pasipoti. Huna simu."

"Ndimu ninayo."

"Mama!"

"Na huyo mpimaji wako, mwambie apime na choo. Leo nimejua thamani yake."

Akakata.

Minal alikunja kidude chake, mwale ukazimika. Alikuwa binti mwenye adabu. Akauliza arudi lini. Paresh alimshukuru kwa kuja, akamfungulia mlango, na swali halikujibiwa.

Wakabaki wawili.

Kwenye zulia la sebuleni kulikuwa na vishimo vinne. Ni pale miguu ya kitanda cha hospitali ilipokaa. Kitanda kilichukuliwa siku tatu baada ya mazishi, lakini zulia halikuinuka. Vasanti hakulisugua, hakulifunika. Marie-Claire aliona kwamba Paresh, katika kwenda na kurudi kwake kote, alizunguka mstatili ule kama bado kuna mtu amelala ndani yake.

Jikoni kulikuwa na kikombe kimoja kimeinamishwa kwenye kikaushio. Marie-Claire alichukua cha pili kabatini, akachemsha chai ya maziwa na tangawizi, akaweka vyote mezani.

"Kwa nini hukuenda?" aliuliza.

"Nilikuwa na kazi."

"Bwana Paresh. Mi nilikuita Friji miaka miwili, na wewe ulisikia. Sasa tuna haki ya kuambiana ukweli."

Paresh alishika kikombe bila kunywa.

"Siku nane kwenye kiti cha Baba," alisema. "Watu wangemuuliza Mama kila asubuhi: huyu ni mumeo? Hapana, ni mwanangu, mume amekufa. Kila asubuhi. Kila hoteli. Nilidhani angefurahi zaidi bila mimi. Hata Baba alisema mimi ni mgeni."

"Baba alisema mengi. Alisema pia mi napika kama mahabusu."

"Hilo lilikuwa kweli."

Ilikuwa mara ya kwanza Marie-Claire kumsikia akitania. Hakucheka, lakini alimsogezea sukari.

"Minataka kukuonyesha kitu," alisema. "Hapana, kukuambia tu. Simu hii inalia kila jioni tangu Mama aende. Saa ya kuwasha taa ya miungu. Mi nilikuwa hapa, nikafikiri ni wauza madirisha. Mashine inapokea, Baba anasema neno lake, halafu hakuna mtu anayesema. Kunasikika pumzi. Halafu inakatwa."

Paresh aliweka kikombe chini.

"Ni yeye," alisema.

"Ni yeye. Hapigi kwa mtu. Anapiga amsikie. Ndiyo sababu sikuinua. Leo niliinua kwa sababu alisema."

"Ijumaa ningeikata laini," Paresh alisema. "Nilishawaambia watu wa simu waikate."

Marie-Claire aliunyoosha waya wa simu uliokuwa umejikunja.

Poonam alipiga saa nane na nusu, akiwa Tirano. Barabara ilikuwa na foleni, basi lilichelewa. Teksi ilifika Varenna ikamkosa mtu. Sasa alikuwa amesimama kwenye jukwaa la kituo, ameshika mkoba. Treni iliyotoka Varenna ilikuwa imeingia. Milango ilifunguliwa. Watu walishuka.

"Yumo?" Paresh aliuliza.

"Hakuna mwanamke mwenye sari."

"Tazama tena."

"Bwana Paresh, treni imebaki tupu. Wanaisafisha."

Paresh alisimama, akakaa, akasimama. Alisema kwa Kiingereza takwimu fulani kuhusu wazee wanaopotea safarini na saa za kwanza, akaishia katikati ya sentensi. Marie-Claire alimwona akikanyaga ndani ya ule mstatili wa zulia bila kujua.

Simu ya mezani ikalia.

Paresh alikuwa tayari ameinyooshea mkono. Marie-Claire akamshika kifundo cha mkono.

"Acha."

"Ni yeye!"

"Najua ni yeye. Lakini hakupigii wewe. Acha aongee kwanza."

Mashine ikapokea. Hapa ni kwa Ramesh na Vasanti. Hatupo. Tuachie neno, tutakupigia.

"Ramesh," ilisema sauti. "Nimefika."

Nyuma yake sahani ziligongana. Mtu aliagiza supu.

"Nilifika Tirano kabla ya basi lao. Nikakaa kwenye benchi. Hakuna mtu. Upande wa pili wa uwanja kuna kituo kingine, treni nyekundu imesimama, ile tuliyoiona kwenye kijitabu. Wangenipandisha kesho. Nikasema nimengoja vya kutosha mwaka huu. Nikapanda.

"Inazunguka, Ramesh, inapanda kama nyoka. Inapita juu ya daraja la duara hata unauona mkia wake mwenyewe dirishani. Ungesema ni ubadhirifu wa reli. Sasa niko juu kabisa, kituo kinaitwa Alp Grüm. Kuna hoteli ya mawe na mezani kuna simu. Mbele yangu mlima mzima umefunikwa barafu.

"Ile ya Moshi tuliitazama utotoni kwetu kote na haikutushukia hata siku moja. Hii nimetoka nje nikaichota pembeni ya njia. Ni chafu kidogo. Ni baridi tu. Sijui tulidhani itakuwa nini.

"Hapa kila mtu yuko na mtu. Wanaoneshana. Huyu anasema tazama, yule anatazama. Mimi nimesema tazama, halafu nikaona aibu, maana sikuwa na mtu pembeni. Basi nimekupigia wewe.

"Ndimu nimeila. Mwambie mwanao sijapotea. Najua atakusikiliza, inaonekana amekuwa akisikiliza muda wote."

Mlio. Taa nyekundu ya mashine ikaanza kuwaka na kuzima.

Paresh hakusogea mpaka Poonam alipopiga tena simu ya mkononi. Alimweleza kwa maneno machache mahali mama yake alipo.

"Alp Grüm?" Poonam alipaza sauti. "Haiwezekani. Hiyo ni Uswisi! Amevuka mpaka. Pasipoti yake ninayo mkononi mwangu."

"Basi mshikie. Kuna chumba hotelini kwenu?"

"Kwa nani?"

"Kwa mwenzake."

Alivaa koti. Akatoa mfukoni funguo za nyumba ile, alizokuwa nazo tangu shule, akaziweka mezani kando ya mashine. Marie-Claire alizitazama.

"Unakwenda uwanja wa ndege bila nguo?"

"Nakwenda kukaa kiti changu," alisema kwa Kiswahili. "Yeye akirudi hapa, atanipa funguo akitaka. Asipotaka nitapiga kengele kama watu wengine."

"Na ile laini ya simu?"

"Nitawaambia wasiikate. Nitapiga nikiwa kwenye treni."

Mlango ukafungwa. Marie-Claire aliosha kikombe kimoja, kisha cha pili. Alikuwa anafuta mikono simu ya mezani ilipolia tena. Safari hii aliinua mapema, kabla ya mashine.

"Allô?"

Alikuwa mwanamume. Aliposikia namna Marie-Claire alivyopokea, aliacha Kiingereza akahamia Kifaransa, Kifaransa chenye kona kona, lakini cha adabu. Alijitambulisha kuwa ni askari wa mpakani wa Uswisi.

"Tunaye hapa Alp Grüm mwanamke mzee, amevaa sari na raba. Hana hati yoyote. Anasema yuko kwenye safari ya kundi, lakini kundi hatulioni. Ametupa namba hii. Anasema mumewe yuko nyumbani na ndiye atakayemtambulisha. Naomba Bwana Ramesh."

Marie-Claire aliitazama mashine.

Ama Mama Vasanti alikuwa amechanganyikiwa kweli, na Paresh alikuwa sahihi tangu mwanzo. Ama alijua hasa alichokifanya, na alikuwa akiitegemea sauti ya mashine. Alisikiliza nyuma ya sauti ya askari. Kwa mbali, mwanamke alikuwa akimfundisha mtu kwa Kiingereza namna ya kuweka tangawizi kwenye chai. Sauti ile haikuwa na hofu hata chembe.

"Madame?" alisema askari. "Mume yupo au hayupo?"

Kama angesema amekufa, wangemwandika mama yule kuwa hajijui, na neno hilo lingefika London kabla yake.

"Yuko hapa," Marie-Claire alisema kwa Kifaransa. "Lakini ni mgonjwa, hawezi kuongea sana. Na anaongea lugha ya kwao tu. Utasikia majina yao mawili. Ngoja nikusogezee."

Aliweka mkono wa simu juu ya kitundu cha sauti cha mashine. Akabonyeza kitufe cha kurudia salamu iliyorekodiwa.

"Hapa ni kwa Ramesh na Vasanti," alisema Ramesh. "Hatupo. Tuachie neno, tutakupigia."

Upande wa pili kalamu iliandika.

"Ramesh. Vasanti," alisema askari. "Vizuri. Merci, monsieur. Upate nafuu."

Akamgeukia mtu pembeni yake, akasema kwa Kijerumani maneno ambayo Marie-Claire hakuyaelewa. Mlango mzito wa behewa ukafungwa.

"Mnampeleka wapi?" aliuliza.

Laini ilikuwa imekatika.